Kumtunza Mwimbaji Aliye Ndani ya Simu

Mwaka 1881, katika Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme jijini Paris, watu walijazana kwenye jumba la Palais de l'Industrie kusikiliza opera iliyokuwa ikiimbwa muda uleule zaidi ya kilomita 2 kutoka pale. Fundi Clément Ader alikuwa ametega maikrofoni za simu mbele ya jukwaa la Opera, nyingine kushoto na nyingine kulia, na kila msikilizaji alipewa visikilizio viwili, kimoja kwa kila sikio. Kwa kuwa kila sikio lilipokea upande wake, mtu aliweza kumfuatilia mwimbaji akitoka pembe moja ya jukwaa hadi nyingine, bila kumwona. Novemba mwaka huohuo mwandishi Victor Hugo alikwenda kusikiliza akiwa na wajukuu wake, na katika daftari lake akaandika jinsi watoto walivyofurahi.

Mwaka 1890 ikaanzishwa kampuni ya kuuza huduma hiyo, Théâtrophone. Mahotelini na mikahawani ziliwekwa mashine: ukitumbukiza nusu faranga, unasikiliza dakika 5. Wenye uwezo walilipa ada wakaunganishiwa waya hadi nyumbani, na Marcel Proust, mwandishi aliyesumbuliwa sana na maradhi, alikuwa mmoja wao. Kampuni ilifungwa mwaka 1932, redio ikiwa imeshawachukua wateja wake.

Fedha ilitumbukia kwenye mashine. Makofi ya msikilizaji hayakuvuka waya kurudi jukwaani, na mwimbaji wa Opera hakujua nani anamsikiliza hotelini, wala kama analia au amesinzia.

Aliyewahi kukaa kwenye taarabu, iwe Unguja, Tanga au Mombasa, anaujua uzito wa jambo hilo. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, yule mtu huinuka, husogea kwa madaha noti ikiwa juu, humtunza mwimbaji mkononi, na pengine humtupia jicho yule anayehusika na maneno yale. Mwimbaji akiona hivyo huurudia ubeti, wapigaji nao wakamfuata. Wimbo hurefuka kwa sababu ya waliokaa mbele yake. Kwa hiyo kila ninapoisoma historia ya kutazama muziki kwa mbali, nautafuta mkono ule: umefika wapi, umekwama wapi?

Redio haikuwa nao. Kuanzia miaka ya 1930, mwimbaji wa Misri Umm Kulthum alirushwa na redio ya Cairo kwenye maonyesho yake mashuhuri ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi, akasikilizwa kote kwenye nchi za Kiarabu. Unguja pia alikuwa na mashabiki wake, kwani taarabu ilichota Misri tangu zama za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Mwanamke yule aliweza kuurudia mstari mmoja mara nyingi, kila mara kwa namna mpya, kadiri ukumbi ulivyompigia kelele. Aliyekaa kando ya redio alifaidi kelele za wengine tu. Televisheni na setilaiti zikaleta sura, na tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid lililofanyika London na Philadelphia, watazamaji walipiga simu na kutoa fedha wangali wanatazama. Mkono ulifika, ila ulikwenda kuwasaidia wenye njaa Ethiopia, kama ilivyokusudiwa.

Intaneti iliingia kwa bendi ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Tarehe 24 Juni 1993, Severe Tire Damage, kundi la wataalamu wa kompyuta wa California waliopiga roki kwa kujifurahisha, lilipiga kwenye baraza ya kituo cha utafiti cha Xerox PARC na kuonekana hadi Australia. Mpiga ngoma wake alikuwa Mark Weiser, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa kompyuta wa wakati wake. Miaka mingi baadaye mwanabendi mmoja alikumbuka kwamba picha ilikuwa ya pikseli 152 kwa 76, ikibadilika mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na kwamba peke yao walikula karibu nusu ya uwezo wa intaneti nzima ya siku zile. Tarehe 18 Novemba 1994 Rolling Stones walirusha sehemu ya onyesho lao la Dallas kwa njia hiyohiyo, na wale wataalamu wakajitokeza mtandaoni kabla yao, bila kualikwa, wakapiga nyimbo zao.

Njia yenyewe iliitwa Mbone, na nasikitika kwamba haikukua. Onyesho lilitoka kwa mpigaji likiwa nakala moja, likagawanywa pale tu njia zinapoachana, kama bomba moja la maji linaloingia mtaani ndipo likatawanyika kwenda majumbani. Makampuni mengi ya intaneti hayakuufungulia mtindo huo kwenye mitambo yao. Njia iliyoshinda humpa kila mtazamaji nakala yake mwenyewe, kutoka kwenye kompyuta zilizowekwa karibu naye, na kila mmoja huilipia nakala hiyo kwa bando lake. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya shabiki huenda kwenye kampuni ya simu, mwimbaji hajafungua hata kinywa.

Kwetu Afrika Mashariki hata bando hilo lilichelewa. Hadi Julai 2009, waya wa baharini wa SEACOM ulipowashwa Mombasa na Dar es Salaam, intaneti yetu ya kimataifa ilitegemea zaidi setilaiti, kwa kasi ndogo na bei kubwa. Waya huo ulikuwa ndio kwanza umewashwa wakati bendi ya U2, Oktoba 25 mwaka huohuo, iliporusha onyesho lake zima la Pasadena kupitia YouTube.

Kisha ikaja 2020. Kenya ilipozuia mikusanyiko na kuweka amri ya kutotoka nje usiku, ma-DJ wa Nairobi walihamishia mashine zao sebuleni na kupiga kupitia Facebook, Instagram na YouTube. Marekani, DJ D-Nice alikusanya zaidi ya watu 100,000 kwa mkupuo kwenye Instagram usiku mmoja wa Machi. Juni 14, BTS wa Korea Kusini waliuza tiketi za onyesho la mtandaoni na kutazamwa na watu zaidi ya 750,000 kwa wakati mmoja. Fedha ya mlangoni ilikuwa imepatikana. Mbele ya wasanii, hata hivyo, palikuwa na kamera tu.

Mkono ulikuwa umeanza kurudi kwa mlango mwingine. Jukwaa la video la Twitch lilianza kuwaruhusu watazamaji kutunza kwa fedha wakiandika ujumbe mwaka 2016, YouTube ikafuata 2017, na leo TikTok inauza sarafu ambazo mtazamaji huzigeuza waridi na zawadi nyinginezo, zikapita kwenye kioo mwimbaji akiziona. Mwimbaji hulitaja jina la aliyetoa, na wengine hutoa zaidi ili nao watajwe. Mtu wa taarabu hahitaji kuelezwa kinachoendelea hapo. Noti ya ukumbini, hata hivyo, hutua mkononi nzima nzima, ilhali mwenye jukwaa la mtandao hukata sehemu kubwa kwanza, na anayetuma waridi haoneshwi kilichobaki. Hilo linaniudhi, kwani yule anadhani amemtunza mwimbaji.

Kuna pia suala la sekunde. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, na simu huhifadhi kadhaa kabla ya kuonesha ili picha isigande. Zawadi ikifika, ubeti ulioiita umeshapita, na mwimbaji akitaka kumjibu aliyemtunza itabidi aurudie akiwa amechelewa. Teknolojia ya WebRTC, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi Januari 2021, hupunguza kuchelewa huko hadi chini ya sekunde moja. Kuwahudumia nayo watu laki kwa mpigo ni ghali zaidi, kwa hiyo matamasha makubwa bado yanarushwa kwa vipande.