Panya wa San Francisco na panya wa bloku yetu

Mwezi uliopita bloku yetu ilifanya mkutano chini ya mwembe kuhusu panya. Kila mtu alikuja na kesi yake. Mama mmoja alileta gunia la mahindi ya mgao, limetobolewa chini kama chujio. Mzee mmoja alisema mjukuu wake aling'atwa kidole cha mguu usiku akiwa amelala. Halafu kijana akasimama, akasema: "Tusidanganyane. Hawa panya wamekuja na wale wageni wa juzi, wale wa kule mwisho. Usafi hawaujui." Watu wakapiga makofi. Wageni wenyewe walikuwa wamekaa nyuma kabisa, wameinamisha vichwa.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana, na siku hiyo ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Maneno yale niliyaandika kama yalivyosemwa. Lakini yalinisumbua hadi nyumbani, maana siku chache kabla nilikuwa nimesoma kwenye kituo chetu habari za mji mmoja uliosema maneno hayo hayo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mji huo unaitwa San Francisco, uko Marekani, pwani ya Bahari ya Pasifiki. Naomba niwasimulie.

San Francisco ni mji wa bandari wenye hali ya hewa ya upole. Hakuna joto kali, na baridi ya kugandisha maji haifiki mara nyingi. Ukungu wa baharini unaingia na kutoka. Kwa binadamu ni pazuri, na kwa panya ni pazuri zaidi, kwa sababu hakuna majira ya kuwaua. Wanazaana mwaka mzima, na viroboto wao vilevile. Tena wakati ule nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Ukuta wa mbao una uwazi katikati, na chini ya sakafu kulikuwa na udongo mtupu. Kwa panya, huo uwazi ni barabara, na huo udongo ni chumba cha kulala.

Mwezi wa tatu mwaka 1900, maiti ya mfanyakazi mmoja Mchina ilikutwa kwenye chumba cha chini cha hoteli katika mtaa wa Wachina. Madaktari waliona uvimbe kwenye kinena chake wakashtuka. Ilikuwa tauni. Mara moja mtaa mzima wa Wachina ukazungushiwa kamba na polisi wakawekwa kulinda. Wazungu waliokuwa ndani waliruhusiwa kutoka, Wachina walibaki. Mwezi wa tano karantini ikarudishwa, na mstari wake ulipinda hapa na pale ili maduka ya wazungu yaliyokuwa pembeni yabaki nje. Yaani eti ugonjwa nao ulikuwa unachagua rangi ya mwenye duka! Wachina walikwenda mahakamani, na mwezi wa sita jaji alikubali kwamba karantini ile ilikuwa ya ubaguzi. Ikafutwa.

Upande mwingine, wakubwa wa siasa na wafanyabiashara waliogopa kwamba habari za tauni zitaharibu biashara ya bandari. Gavana wa California, Henry Gage, alikataa katakata kwamba kuna tauni. Daktari Joseph Kinyoun, aliyethibitisha vijidudu kwenye maabara, alitukanwa sana, na mwaka 1901 akahamishwa. Hivyo wengine walisema "hakuna ugonjwa", na wengine walisema "ni ugonjwa wa Wachina". Muda wote huo panya walikuwa wanakula na kuzaana.

Na elimu ilikuwepo tayari! Mwaka 1894, kule Hong Kong, Alexandre Yersin alikuwa ameshakitambua kijidudu cha tauni. Mwaka 1898, kule Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayeubeba ugonjwa kutoka kwa panya. Panya akifa, mwili unapoa, kiroboto anamkimbia kutafuta damu nyingine ya moto. Asipopata panya mwingine, anakupata wewe. Lakini wataalamu wengi wa wakati ule hawakumwamini Simond.

Hapo nilimkumbuka mama mzaa mama yangu. Sisi tumetoka Ituri, na watu wa Ituri tauni wanaijua, haijawahi kuwaacha mpaka leo. Alikuwa anatuambia: ukiona panya wanakufa wenyewe ndani ya nyumba, bila mtego na bila sumu, usiwaguse, toa watoto nje, kamwambie nganga wa zahanati. Hakusoma kitabu cha Simond. Lakini ujumbe ni ule ule.

Turudi San Francisco. Tauni ile ya kwanza iliendelea hadi 1904 na iliua watu 119. Iliyoimaliza ni kazi ya mikono. Daktari Rupert Blue na watu wake waliingia mtaa wa Wachina, wakang'oa sakafu mbovu za mbao, wakamwaga zege kwenye vyumba vya chini, wakatega panya. Mji ukapumua. Lakini mitaa mingine haikuguswa. Kwa nini iguswe? Si walisema tauni ni ya Wachina?

Tarehe 18 Aprili 1906, alfajiri, tetemeko kubwa likaupiga mji, na moto ukafuata kwa siku tatu. Watu zaidi ya 200,000, nusu ya mji, wakabaki bila nyumba. Ndugu msomaji, hapa ndipo historia hii ilinishika shati. Wakazi wa mji tajiri wa Marekani waligeuka wakimbizi. Walikaa kwenye mahema katika bustani na viwanja vya jeshi. Walipanga foleni ya chakula. Walipikia barabarani, maana ilikatazwa kuwasha moto ndani mpaka bomba la moshi likaguliwe. Baadaye wakajengewa vibanda vidogo vya mbao 5,610, vikapakwa rangi ya kijani.

Mifereji ya maji machafu ilikuwa imevunjika, takataka ziko kila mahali, chakula kiko wazi. Panya walipata sherehe. Mwaka 1907 tauni ikarudi, na safari hii wagonjwa wengi walikuwa wazungu, kutoka karibu kila pande ya mji. Walikuwa wagonjwa 160, na karibu nusu yao walikufa. Ile hadithi ya ugonjwa wa Wachina ikaishia hapo, lakini ilikuwa imepoteza miaka saba.

Blue aliitwa tena. Safari hii alianza na panya, hakuanza na kabila. Panya waliokamatwa waliandikwa mtaa waliotoka, wakapelekwa maabara, wakapasuliwa. Kila aliyekutwa na tauni alionyesha ni wapi pa kufanya kazi. Wenye nyumba walilazimishwa kuweka zege chini, kuziba matundu, na kutumia mapipa ya taka ya chuma yenye kifuniko. Mazizi ya farasi na mabanda ya kuku nayo yaliwekewa sheria. Mwisho wa mwaka 1908 mji ulikuwa umepona.

Na ile kambi? Kwenye moja ya kambi za tetemeko, ya uwanja wa Lobos, tauni iliingia kwenye vibanda vilivyokaa karibu na udongo. Hawakufukuza watu, wala hawakuuliza nani alifika mwisho. Waliviinua vibanda juu ya ardhi, ili chini pawe wazi, panya akose pa kujificha, na paka na mbwa waweze kupita. Kambi zilipofungwa, watu wengi walibeba vibanda vyao kwa mikokoteni ya farasi hadi kwenye viwanja vyao. Vichache vimesimama hadi leo.

Sasa nije kwetu. Sisemi kwamba kambini kuna tauni, hapana, na tauni yenyewe siku hizi inatibika kwa dawa za hospitali ukiwahi. Ninachosema ni kwamba panya anafuata vitu vitatu: chakula, maji na pa kujificha. Hakuna hata kimoja kinachouliza umetoka wilaya gani. Nilipokwenda kuangalia wale wageni wa kule mwisho, niliona nini? Wamepewa viwanja vilivyo jirani na shimo la taka la bloku nzima, shimo lisilo na kifuniko. Taka zile ni zetu. Mahindi yao yako chini kwa sababu hawana mbao za kutengeneza kichanja. Kumbe sisi ndio tuliowalea panya, halafu tukawapa wageni lawama.

Zege hatuna, na kujenga nyumba ya kudumu hapa si ruhusa rahisi. Lakini kuinua tunaweza. Gunia likikaa juu ya kichanja, mbali na ukuta, utamwona panya kabla hajatoboa. Ukisiriba ukuta vizuri kwa udongo pale chini unapokutana na sakafu, unafunga mlango wake. Mtego uwekwe kando ya ukuta, maana panya hapiti katikati ya chumba. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Na sumu kwenye chumba kimoja wanapolala watoto sita, tafadhali, hapana.

Kwa wenzetu wa mashirika: mabango ya usafi tumeyasoma, asanteni. Kule San Francisco bango halikutosha, zilihitajika zege, mapipa na watu wa kupita nyumba kwa nyumba. Tunaomba vifuniko vya mashimo ya taka, mbao za vichanja, na mitego ya kuazimana.

Kwenye mkutano uliofuata nilisoma muhtasari wa ule wa kwanza kwa sauti, pamoja na yale maneno. Hakuna aliyepiga makofi. Yule kijana alinyamaza kidogo, akauliza shimo la taka litafukiwa lini. Jumamosi hiyo tulikwenda na majembe, yeye na mimi, na wanaume watatu kutoka kule mwisho.