Dira: kutoka jahazini hadi magotini mwa rubani

Mtu akionyeshwa picha ya chumba cha rubani tu, bila mabawa wala mkia, atajuaje ni ndege gani? Chumba cha MiG-21 ya Kisovyeti mara nyingi hujitambulisha kwa rangi yake ya buluu-kijani. Kwa Spitfire ya Waingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936, tazama dira.

Dira yake ya P8 haikupangwa kwenye uso wa dashibodi pamoja na vipimo vingine. Ililazwa chini ya dashibodi, karibu na magoti ya rubani, katika bakuli lenye spiriti. Rubani alizungusha pete ya juu hadi nyuzi alizotaka, kisha akaigeuza ndege mpaka sindano ilale sambamba na nyaya za pete.

Neno dira lenyewe ni la baharini. Mabaharia wa Ghuba ya Uajemi nao huita chombo hicho dira. Si dira tu: rubani pia aliongoza vyombo majini kabla ya kupaa, na usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari.

Baadaye ikaja dira ya maana nyingine, ya malengo ya nchi: Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 ya Tanzania. Hiyo, bila shaka, haina sindano.

Anayeandika “kompasi” hakosei. Ila dira ipo, na bikari, ya kuchorea duara, waachiwe wanafunzi wa hesabu.