Farasi Katika Historia ya Lubumbashi: Msamiati, Matunzo na Mabega ya Wapagazi

1.0 Utangulizi

Lugha huweza kuwa na jina la mnyama ambaye nchi yenyewe haimpokei. Hivyo ndivyo ilivyo kwa farasi katika Katanga. Neno "farasi", lenye asili ya Kiarabu, lilifika huko pamoja na Kiswahili cha misafara ya kutoka pwani ya mashariki. Lugha jirani zilipata jina kwa njia nyingine: "kabalu" la Kiluba cha Kasai na "kabalwe" la Kibemba yote yametokana na neno la Kireno "cavalo". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina yalitangulia, mnyama akachelewa, na kuchelewa huko kulilipiwa na mabega ya watu.

2.0 Matunzo katika Msamiati wa Pwani

Kiswahili cha pwani kina msamiati kamili wa farasi: saisi humtunza, tandiko huwekwa mgongoni, lijamu hutiwa kinywani, hatamu hushikwa mkononi na kikuku hukanyagwa na mpandaji. Nyuma ya maneno haya mna elimu. Tumbo la farasi ni dogo kwa kadiri ya mwili wake, kwa hiyo hulishwa kidogo kidogo, mara nyingi. Nyasi ndizo msingi wa chakula chake, na nafaka huongezwa kwa kadiri ya kazi. Kabla ya kutandikwa hupigwa brashi, kwani chembe za mchanga chini ya tandiko huzaa vidonda. Kwato nazo husafishwa na kukaguliwa kila siku.

3.0 Kikwazo cha Bara

Elimu hiyo peke yake haikutosha bara. Mwaka 1866 David Livingstone aliondoka pwani karibu na mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, akitaka kujua kama wangeweza kustahimili mbung'o. Wanyama walidhoofu na kufa, lakini jaribio halikutoa jibu safi, kwa sababu walipigwa na kubebeshwa kupita kiasi. Mdudu na matunzo mabaya vilichanganyika.

Kwa hiyo msafara wa Kapteni Stairs, uliotoka Zanzibar mwaka 1891 kwenda kwa Msiri huko Bunkeya, ulitegemea wapagazi. Baadaye, kati ya mwaka 1910 na 1912, ujumbe wa kisayansi ulioongozwa na Daktari Jérôme Rodhain uliwachunguza mbung'o na vimelea vyao katika Katanga. Mwaka huohuo wa 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi kuanzia mwaka 1966. Mji wa shaba ukakua kwa gari la moshi na kwa nguvu za wafanyakazi, bila kupitia enzi ya farasi.

4.0 Farasi wa Mjini

Farasi aliyekuja kukaa mjini alikuwa mnyama wa burudani wa wenye nafasi, na matunzo yake yalihitaji elimu mpya. Pamoja na nagana inayoenezwa na mbung'o, kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaoenezwa na visubi. Utafiti wa chanjo yake uliendelezwa katika kituo cha Onderstepoort, Afrika Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1908 chini ya Arnold Theiler. Visubi huuma zaidi kuanzia machweo hadi mapambazuko na huzaliana mahali penye unyevu. Kwa hiyo majira ya mvua, ambayo Lubumbashi huanza takriban Novemba na kwisha Aprili, ni majira ya hatari. Saisi humwingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama na kumtoa kukishapambazuka. Saa ya kumlisha malishoni ikawa na uzito sawa na chakula chenyewe.

5.0 Hitimisho

Historia ya farasi katika Lubumbashi ni zaidi ya historia ya burudani. Inaonyesha kwamba neno husafiri kwa wepesi kuliko mnyama, na kwamba matunzo hayahamishwi kutoka pwani hadi bara bila kujifunza mazingira upya. Aidha, inamrudishia mpagazi nafasi yake: pale ambapo mbung'o alimzuia farasi, mzigo haukubaki chini. Mtu aliuinua.