Mwenge wa Wichita

Tarehe 20 Julai 1968, uwanja wa Soldier Field mjini Chicago ulipokea wanamichezo wapatao 1.000 kutoka Marekani na Kanada. Wote walikuwa na ulemavu wa akili. Aliyewaita ni Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu huo. Katika siku zile, wengi wa namna yao walifichwa majumbani au kufungiwa katika taasisi. Hivyo ndivyo Special Olympics ilivyozaliwa.

Lakini michezo haiendi bila fedha: viatu, mipira, safari, chakula. Mwaka 1981, huko Wichita katika jimbo la Kansas, mkuu wa polisi Richard LaMunyon alianzisha mbio za mwenge. Askari walikimbia barabarani ili kuchangisha fedha na kuwafumbua watu macho. Mwaka 1983 chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi kiliupokea mpango huo, nao ukaenea mji kwa mji, hata ukavuka mipaka ya nchi.

Tuitazame hekima yake. Mchango ulitafutwa hadharani. Anayewaona askari wakikimbia huuliza: “Mnamkimbilia nani?” Jibu huwatoa mafichoni wale waliosahauliwa. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikijaa, na mwenyewe akabaki amefichwa, tumetoa fedha tu, undugu bado.

Basi tujiulize: katika mtaa wetu, ni nani anayebaki chumbani tunapocheza mpira?