Belkanto: kupima ufundi na mapambo ya sauti

Belkanto, yaani “uimbaji mzuri” kwa Kiitaliano, ni mtindo wa uimbaji wa opera uliofikia kilele katika kazi za watunzi Rossini, Bellini na Donizetti, mwanzoni mwa karne ya 19. Anayempima mwimbaji huanzia kwenye pumzi, kwani mapambo yote hujengwa juu yake. Kipimo cha kale ni messa di voce: noti moja huanza kwa sauti ndogo, ikakua polepole, kisha ikafifia, bila kuyumba. Mwalimu wa uimbaji Pier Francesco Tosi alilizungumzia zoezi hilo katika kitabu chake cha mwaka 1723.

Trili ndiyo huwapotosha wasikilizaji wengi. Ni lazima zisikike noti mbili jirani zikipishana upesi. Mtikisiko mpana wa sauti iliyochoka si trili hata kidogo. Katika noti za mbio, kila noti isikike peke yake, isiburuzwe.

Sehemu ya wimbo inaporudiwa, mwimbaji hutarajiwa kuipamba upya, na hapo ndipo busara yake hujulikana. Pambo lisilobeba hisia za mhusika ni mazoezi ya koo tu. Kwa mfano, mwimbaji Joan Sutherland, aliyepata umaarufu kwa opera ya Lucia di Lammermoor jijini London mwaka 1959, alisifiwa kwa trili yake, ingawa matamshi yake yalilaumiwa. Mwimbaji mwenzake Maria Callas alikuwa na noti za juu zilizoyumba katika miaka yake ya baadaye, lakini kila pambo lake lilisema jambo.