Bendera ya Taifa na Dhamiri ya Mkristo: Mafunzo kutoka Mwambao wa Kigoma

Utangulizi

Katika kata ya Katubuka, kama kwingineko katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, bendera ya taifa hupepea kwenye ofisi za serikali na shule. Kwa desturi ya nchi yetu hupandishwa saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni, naye apitaye karibu husimama wima mpaka shughuli hiyo iishe. Tendo hili limezoeleka hata hatuulizi maana yake. Makala haya yanakusudia kuuliza heshima hiyo imetoka wapi, na mpaka wake kwa Mkristo ni upi.

Bendera sita

Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, msafara wake ulitanguliwa na bendera ya Marekani, nayo bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikafuata nyuma. Ya Marekani ilipita tu; ya Sultani ndiyo iliyokuwa alama ya wafanyabiashara wa Ujiji. Mwaka 1896 Wajerumani wakaweka kituo cha kijeshi mahali hapo. Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaitwaa Kigoma, na mwaka 1921 wakawakabidhi Waingereza. Tarehe 9 Desemba 1961 ikapanda bendera ya Tanganyika, na mwaka 1964, baada ya Muungano, ikapanda hii tuliyo nayo.

Basi mtu aliyezaliwa Ujiji mwaka 1890 na kufariki mwaka 1965 aliishi chini ya bendera sita pasipo kuhama nyumba yake. Bendera nne za kwanza zilipandishwa bila yeye kuulizwa. Mbili za mwisho ni za namna nyingine, kwa maana rangi nyeusi iliyomo ni ya wananchi wenyewe. Pamoja nayo, bendera ya leo ina kijani cha ardhi na mimea, njano ya madini, na bluu ya maji, ambayo mvuvi wa Ziwa Tanganyika aweza kuitazama kama yake. Hapa ndipo ulipo msingi wa heshima tunayoitoa.

Sheria na dhamiri

Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 inailinda bendera: kuitumia kwa biashara pasipo idhini hakuruhusiwi, na kuidharau ni kosa. Hata hivyo, sheria yaweza kuzuia dharau, lakini haiwezi kuzaa upendo. Upendo hufundishwa kwa mfano, na kwa haki inayotendeka chini ya mlingoti.

Jambo hili lilijitokeza wilayani Mbozi, ambako wanafunzi Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shule kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki. Shauri lilihusu wimbo, wala si bendera; lakini swali ni lilelile: je, dola yaweza kuilazimisha dhamiri? Huko Marekani Mahakama Kuu iliwaruhusu watoto wa shule kulazimishwa kuisalimu bendera mwaka 1940, kisha ikaugeuza uamuzi wake mwaka 1943, wakati taifa hilo lingali vitani.

Mafunzo kwa Kanisa

Sisi Walutheri hatukubaliani na Mashahidi wa Yehova kwamba kuimba wimbo wa taifa ni ibada ya sanamu. Warumi 13 yatufundisha kuwapa wenye mamlaka heshima yao. Lakini tusiwadharau wanaotukumbusha Danieli 3. Katika Ujerumani ya Hitler, wako Walutheri walioipokea bendera ya chama chake hata ndani ya makanisa. Ndipo mwaka 1934 Azimio la Barmen lilipotamka kwamba Kanisa halina Bwana mwingine ila Kristo.

Kwa hiyo mchungaji na asimame kwa adabu bendera ishushwapo, awafundishe hivyo na watoto wa kipaimara. Jeneza lililofunikwa bendera lifikapo mlangoni mwa kanisa, alipokee kwa heshima, lakini mahubiri yawe ya ufufuo. Na mtoto wa jirani akiadhibiwa kwa ajili ya dhamiri yake, mchungaji asinyamaze kwa sababu tu mtoto huyo si wa usharika wake. Mwambao wa Kigoma umeona bendera tano zikishushwa zisipandishwe tena. Anayelikumbuka hilo ataiheshimu ya sita kwa moyo mweupe, naye hataiabudu.