Barua ya mjumbe ina kazi muswada ukiwa bado mbichi

Kila Januari, mabunge mengi ya majimbo ya Marekani yanapoanza vikao, wapiga kura huanza kupokea taarifa kutoka kwa wajumbe wao. Muswada fulani umefika kamati gani, bajeti ya shule imekwama wapi, kodi ya nyumba itapanda au itashuka, gavana ametishia kutotia saini nini. Wapo wanaozichukulia taarifa hizi kama elimu ya uraia, na wapo wanaosema ni kampeni inayolipiwa na mlipa kodi. Mabishano hayo ni ya zamani kama taifa lenyewe, na karibu kila mara yamelizunguka swali moja: mjumbe anasema kweli, au anajipigia debe? Historia inatusukuma tuulize mengine mawili yenye uzito zaidi. Taarifa ilifika lini, na aliyeipokea alikuwa na kitu gani kingine cha kuipimia? Taarifa yenye upendeleo inayofika kabla ya kura kupigwa inaweza kumfaa mwananchi kuliko taarifa ya haki inayomkuta sheria ikiwa imeshapita.

Kwa muda mrefu watawala waliona kwamba mwananchi hahitaji taarifa yoyote. Katika Uingereza ya karne ya 18, kuchapisha mijadala ya Bunge kulihesabiwa kuwa kosa dhidi ya Bunge lenyewe. Mwaka 1771 Bunge hilo lilijaribu kuwakamata wachapaji wa London, na Meya wa jiji, Brass Crosby, alipowakingia kifua akafungiwa katika Mnara wa London. Umati ulimshangilia, naye alipotoka hakuna aliyethubutu tena kuitumia marufuku ile kwa ukali wa awali. Ng'ambo ya bahari, koloni la Massachusetts lilikuwa limeshafungua roshani ya wasikilizaji mwaka 1766. Waliokwenda mbali kuliko wote ni Pennsylvania. Katiba yao ya 1776 iliagiza milango ya Bunge iwe wazi na kura zichapishwe kila wiki Bunge likiwa katika kikao. Iliagiza pia kwamba miswada inayogusa umma ichapishwe ili wananchi waitafakari kabla ya kusomwa kwa mara ya mwisho, na kwamba, isipokuwa kwa dharura, isigeuzwe sheria hadi kikao kinachofuata. Jimbo hilo halikuwa na Seneti. Kipindi kile cha kungoja kiliwapa wananchi nafasi ambayo kwingineko ilishikwa na chumba cha pili cha Bunge. Mwaka 1790 Pennsylvania ilipata katiba mpya yenye vyumba viwili, na sharti la kungoja likaachwa, lakini wazo lilikuwa limeshaandikwa: muswada ni mali ya wananchi wakati bado unaweza kubadilishwa.

Wazo hilo lilihitaji njia ya kusafiri, na njia ilikuwa posta. Chini ya sheria ya posta ya 1792, barua ya karatasi moja ilitozwa kuanzia senti 6 kwa masafa mafupi hadi senti 25 kwa masafa ya zaidi ya maili 450, fedha nyingi kwa mkulima wa wakati ule. Wabunge wa Kongresi hawakutozwa, kwani saini yao juu ya bahasha ilitosha kuwa stempu. Wengi wao, hasa wa majimbo ya Kusini na Magharibi kama Virginia, North Carolina, Kentucky na Tennessee, ambako magazeti yalikuwa machache na makazi yametawanyika, walichapisha barua moja kwa nakala nyingi na kuzituma kwa watu wao. Humo walieleza miswada iliyojadiliwa, mikataba na nchi za nje, hali ya hazina na hofu ya vita, na mara nyingi waliwachapa wapinzani wao bila huruma. Hakuna aliyezidhania kuwa taarifa za mtu asiye na upande.

Mmoja wa waandishi hao alikuwa Samuel J. Cabell wa Virginia. Mei 1797, uhusiano wa Marekani na Ufaransa ukiwa umechafuka, jopo la raia lenye kazi ya kuamua nani ashtakiwe liliketi katika mahakama ya shirikisho mjini Richmond, mbele ya Jaji James Iredell wa Mahakama ya Juu. Jopo lilitoa tamko kwamba barua za wabunge kadhaa, na hasa za Cabell, zilikuwa uovu unaoeneza kashfa dhidi ya serikali wakati wa hatari. Thomas Jefferson, aliyekuwa Makamu wa Rais, aliishi katika eneo lililowakilishwa na Cabell. Aliandika malalamiko bila kuweka jina lake, akayapeleka kwa Bunge la jimbo la Virginia. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibiwa: ikiwa majaji, walioteuliwa na serikali, wanaweza kumtisha mwakilishi kwa sababu ya anachowaandikia waliomchagua, basi uwakilishi umekwisha, kwa kuwa anayepaswa kukaguliwa amempa mkaguzi masharti. Bunge la Virginia lilikubaliana na malalamiko hayo, na Cabell hakufungwa. Mwaka uliofuata Kongresi ilipitisha Sheria ya Uchochezi, na mbunge Matthew Lyon wa Vermont akahukumiwa kifungo cha miezi minne kwa maandishi yake. Wapiga kura walimrudisha bungeni akiwa bado jela. Barua za Cabell zilijaa upendeleo, na jopo halikukosea kuliona hilo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba dawa ya upendeleo ni ukimya, ilhali wasomaji walikuwa na magazeti ya upande wa pili na siku ya uchaguzi ya kupimia.

Wajumbe wa mabunge ya majimbo hawakuwa na saini ya kufuta gharama za posta. Wao walitegemea gazeti la mji. Abraham Lincoln, alipokuwa anatafuta kurudi katika Bunge la Illinois mwaka 1836, alieleza misimamo yake katika gazeti la Sangamo Journal la Springfield. Alisema atafuata matakwa ya wananchi wake pale atakapoyajua, na pale asipoyajua atafuata anachoona kina manufaa kwao. Aliunga mkono fedha za mauzo ya ardhi ya umma zigawiwe majimbo, ili Illinois ichimbe mifereji na kujenga reli bila kukopa wala kulipa riba. Mapema mwaka uliofuata Bunge la Illinois, Lincoln akiwa miongoni mwa waliounga mkono, lilipitisha mpango wa miundombinu wa takriban dola milioni 10, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilipaswa kukopwa. Msukosuko wa uchumi wa 1837 ukaukuta mpango huo njiani, na jimbo likabaki na madeni kwa miongo kadhaa. Kisa hiki hakimfanyi Lincoln mwongo. Kinaonyesha kikomo cha tangazo la msimamo. Mwananchi aliyelisoma gazeti mwaka 1836 alijua mjumbe wake anatamani nini, lakini muswada wenye gharama halisi ulikuja baadaye, na kura ya mjumbe ndiyo iliyoeleza yaliyobaki.

Aliyelielewa pengo hilo kuliko wengi ni Robert La Follette, gavana wa Wisconsin kuanzia 1901. Miswada yake ya kuwapa wananchi haki ya kuwateua wagombea moja kwa moja, na ya kuzibana kampuni za reli, ilikuwa ikidhoofishwa bungeni na wajumbe ambao, wakirudi nyumbani, walijieleza kuwa marafiki wa mageuzi. Katika kampeni ya 1904 alizunguka jimbo akiwa na orodha za kura. Akifika katika eneo la mjumbe fulani, aliwasomea watu wake jinsi mjumbe huyo alivyopiga kura katika muswada mmoja baada ya mwingine. Mwaka huohuo wapiga kura waliikubali sheria ya uteuzi wa moja kwa moja, na mwaka 1905 Bunge jipya likaunda tume ya kusimamia reli. La Follette naye alikuwa mwanasiasa mwenye maslahi yake, na alichagua kura za kusoma. Hata hivyo orodha haikuwa yake. Ilikuwa kumbukumbu rasmi ambayo mpinzani wake angeweza kuifungua na kusoma kurasa alizoruka.

Wapo wanaojibu kwamba barua ya mjumbe haistahili kulipiwa na umma, kwa sababu mjumbe aliye madarakani anapata jukwaa la bure ambalo mpinzani wake hana. Hoja hii ina nguvu. Kongresi yenyewe iliifuta haki ya kutuma barua bila malipo mwaka 1873, kisha ikairudisha kidogo kidogo, hata kufikia 1895 wabunge waliweza tena kutuma barua za kikazi bure. Mwaka 1988 wapiga kura wa California walipiga marufuku vijarida vya viongozi kwa fedha za umma, na utekelezaji wake ukaweka mpaka wa nakala 200 zinazofanana kwa mwezi. Lakini kanuni hiyo ililenga vitu vya kushikika mkononi, na wajumbe wakahamia kwenye barua pepe. Wisconsin inamzuia kiongozi anayegombea tena kutumia fedha za umma kusambaza nakala 50 au zaidi za maandishi yanayofanana wakati wa msimu wa uchaguzi. Kongresi nayo, kwa sheria ya 1973, ilizuia barua za jumla siku 28 kabla ya uchaguzi kwa mbunge aliye kwenye karatasi ya kura, na baadaye muda huo ukaongezwa. Njia hii ya pili, ya kuweka mpaka wa muda, ni ya busara zaidi, kwa kuwa inabana pale ambapo barua inageuka kampeni na kuiacha huru pale ambapo muswada bado uko kamatini.

Pingamizi jingine ni la Edmund Burke, mwanasiasa wa Uingereza, aliyewaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mwakilishi ana deni kwao la kutumia akili yake mwenyewe, hawezi kuwa tarishi wa maagizo yao. Kwa mtazamo huo, kuwaeleza wananchi kila muswada ni kukaribisha shinikizo. Lakini taarifa si amri. Mjumbe anayetumia akili yake ndiye mwenye deni kubwa la maelezo, kwa sababu tarishi angeweza kusema tu kwamba alitumwa. Burke mwenyewe aliandika na kuhutubia kwa wingi kuzitetea kura zake, na watu wa Bristol walipochoka naye mwaka 1780 walichoka wakijua sababu.

Kuna pia wanaosema kazi hii ni ya waandishi wa habari. Ingekuwa hivyo kama waandishi wangekuwapo. Tangu 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, na mengi yaliyokufa ni ya kila wiki katika miji midogo, yale yaliyokuwa yakifuatilia muswada wa barabara ya kata. Ukubwa wa maeneo nao unatofautiana mno. Bunge la New Hampshire lina wawakilishi 400 wanaolipwa dola 100 kwa mwaka, kila mmoja kwa watu elfu tatu na ushei, na mpiga kura anaweza kumkuta mjumbe wake dukani. Seneta wa jimbo la California anawakilisha watu karibu milioni moja. Kwake, asipoandika, wengi hawatamsikia kabisa.

Kenya imelifikia jambo hilohilo kwa njia yake. Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liwezeshe wananchi kushiriki katika kutunga sheria. Mwaka 2024, muswada wa fedha ulipokuwa bungeni, wengi waliufahamu kupitia vijana walioufafanua kifungu kwa kifungu mitandaoni, na siku moja baada ya wabunge kuupitisha, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Mwakilishi asipoueleza muswada mapema, watatokea wengine wa kuueleza, na yeye atabaki kujitetea.

Basi mpiga kura anayepokea taarifa ya mjumbe, awe Wisconsin au Machakos, asianze na sifa zilizomo. Aangalie kwanza kama muswada umetajwa kwa namba na kamati yake, kama siku ya kusikiliza maoni ya umma bado haijapita, na kama mjumbe ametaja kura yake kwa namna inayoweza kuhakikiwa katika kumbukumbu za Bunge. Taarifa yenye hayo matatu inaweza kuandikwa na mtu mwenye upande na bado ikamfaa hata asiye wa upande wake. Isiyo nayo, hata ikiandikwa kwa unyenyekevu wote, inamwomba msomaji apige makofi tu.